Utitiri wa Shangazi

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi. Mwaka mmoja na nusu umepita bila neno langu, na siwezi kusingizia kazi. Nilianza barua nyingi. Kila nilipofika kwenye "habari za nyumbani" niliona haya kwa siku zilizopita, nikaiweka barua kando, na siku zikazidi kuongezeka. Simu niliyokununulia haiiti, nadhani umeizima.

Afadhali niseme wazi kwamba leo nina neno la kazi. Hapa maabarani tunalea bakteria waliotoka kwenye udongo wa kawaida. Tunawaweka katika chupa za maji yenye chakula chao, mashine inazitikisa kwa siku tatu, na bakteria hutoa kitu kinachomlegeza utitiri hadi ashindwe kula na kutaga. Ni hao utitiri wekundu wanaonyonya mibiringanya ya bonde lenu. Wakulima wamekwisha kupulizia kila sumu iliyomo madukani, na utitiri wamezizoea zote.

Kwenye vyungu vyetu dawa hii imefaulu. Sasa kamati inataka mashamba manne ya kweli. Zikionekana nambari nzuri, bakteria watapelekwa kwa wakulima wote wa bonde msimu ujao, nami nitaajiriwa moja kwa moja. Zisipoonekana, mkataba wangu unaisha Julai. Mashamba matatu nimeyapata. La nne nimeandika lako.

Utaletewa chupa zenye namba tu. Nusu ni bakteria, nusu ni maji matupu, na mhesabuji hapaswi kujua ipi ni ipi. Tafadhali nikubalie.

Mwanao,
Kichupa


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Nimeisahihisha na nakurudishia humu: makosa manne, mawili kati yake ya uzembe.

Mwaka mmoja na nusu umekaa kimya, na waliokufungua mdomo ni wadudu. Nawashukuru wadudu. Simu unayoiulizia ilikuwa inalia kama panya aliyebanwa mlangoni, nimeifungia kabatini. Mwenye neno la maana ataliandika.

Shamba langu umeshaliandika, kwa hiyo huombi ruhusa, unatoa taarifa. Ndiyo tabia yako tangu ulipokuwa na miaka minane, ulipomtia buibui katika kopo langu la sukari kisha ukaja kuuliza kama naweza kukuazima kopo. Nakubali. Nina matuta manane ya mibiringanya nyuma ya nyumba, na majani yake yameanza kupata madoa meupe kama yaliyonyunyiziwa unga.

Lakini hilo la chupa zisizojulikana silikubali. Simwagi kitu nisichokijua juu ya mimea niliyoipanda kwa mikono yangu. Niambie ipi ni ipi, au katafute shamba lingine.

Nyumba ni ileile. Mpangaji wa chumba cha uani alihama na sikutafuta mwingine. Paka yupo.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na sharti lako siku tatu. Kanuni inanikataza kukujibu. Lakini tangu uliponichukua baada ya msiba wa baba, hujawahi kuniuliza jambo nikakunyima jibu, na sijui mtu huanzia wapi kukunyima.

Chupa za namba shufwa, yaani mbili, nne, sita na nane, ndizo zenye bakteria. Witiri ni maji. Usimwambie mtu kwamba nimekuambia.

Kila chupa na tuta la namba yake. Pulizia jua likishapoa, chini ya jani, maana utitiri hukaa chini na jua kali huwaua bakteria. Usitumie maji ya bomba yenye klorini. Tumia ya mvua. Bomba la kunyunyizia lioshe kwa maji hayohayo, bila sabuni. Najua hilo litakuuma.

Kila Jumamosi chuma majani matatu kwa kila tuta, jani la tatu kutoka kileleni. Hesabu utitiri walio hai kwa kioo cha kukuzia nilichokituma. Andika, tia sahihi, na unitumie kwa posta. Kamati inataka karatasi yenye mkono wa mtu.

Kichupa


20 Machi

Mwanangu,

Chupa zilifika salama. Nimepulizia mara mbili, bila sabuni. Iliniuma.

Wastani wa kila jani Jumamosi ya kwanza: matuta ya shufwa ishirini na tisa, ya witiri thelathini. Jumamosi ya pili: shufwa ishirini na moja, witiri thelathini na mmoja. Wadudu hawa wana adabu mbaya. Ukifika kumi na tano, wa tatu anahama na kwenda kukaa na wa kumi na mbili. Darasa langu la mwisho lilikuwa hivyohivyo.

Jumamosi yangu sasa ina ratiba. Asubuhi nachuma, mchana nahesabu, alasiri naandika, na saa kumi napeleka posta mwenyewe. Karani wa posta aliniuliza: "Bibi, siku hizi una mchumba?" Nikamjibu kwamba ninao wengi na wote wana miguu minane. Hakucheka. Vijana hawasikilizi hadi mwisho wa sentensi.

Siku hizi nahesabia nje saa sita, juani, kwa sababu mwanga wa mezani haunitoshi. Balbu wanazouza sasa ni dhaifu.

Niandikie matokeo ya mashamba yale mengine. Au niandikie lolote.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi zako nne nimezipata, na ya jana imenifanya nisimame. Shufwa tisa, witiri thelathini na wawili! Mashamba mengine matatu yanakwenda taratibu: moja linaonyesha nafuu kidogo, mawili hayaeleweki. Lako ndilo linalonyooka. Nilimpelekea mkuu wa maabara pamoja na barua yako. Aliisoma yote, hata ile habari ya karani wa posta, akasema: "Huyu shangazi yako tumwajiri, wewe tukurudishe shamba."

Umesema nikuandikie lolote. Basi, chumba changu kipo ghorofa ya tatu, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukutani pana bomba linalovuja, na nimeshajua linatoa matone mangapi kwa dakika. Jumapili huwa naenda maabarani ingawa hakuna kazi. Mashine ya kutikisa chupa haizimwi, na napenda kukaa mahali penye kitu kinachotikisika. Wenzangu wana familia. Wananiita mlinzi.

Nimeona mwandiko wako umepanda juu ya mistari, na katika karatasi ya mwisho namba mbili zimelaliana. Uko mzima?

Mwisho wa mwezi nitakuja. Safari hii nakuja kweli.

Kichupa


29 Aprili

Mwanangu,

Hukuja. Usiandike kuomba radhi. Nilikuwa nimetandika kitanda chako na sasa nimekitandua, basi.

Shufwa wawili. Witiri thelathini na watatu.

Mwandiko umepanda kwa sababu meza inayumba. Mimi ni mzima.

Shangazi yako


13 Mei

Kwa Ndugu Mtaalamu wa chupa,

Salamu sana. Mimi ndiye bwana shamba wa bonde hili, yule mwenye pikipiki. Hatujaonana, ila shangazi yako hunisomea barua zako wakati mwingine, kwa hiyo nakujua hadi bomba lako linalovuja. Samahani kwa mwandiko. Yeye huniambia kuku angeandika vizuri zaidi.

Nimesikia kwamba mwezi ujao mnakaa kikao, na kwamba shamba lake ndilo la mfano. Basi jana nikapita kuona, nijifunze na mimi. Ndugu yangu, nimekuta utando. Tuta la nne, ambalo aliniambia lina utitiri wawili kwa jani, vilele vimeshonwa nyuzi kama mtu aliyefuma sweta. Nikamwambia: "Mama, hawa mbona wapo wengi?" Akaniambia: "Wewe hukufundishwa kuhesabu." Nikachuma majani, nikahesabu mbele yake kwa kioo kilekile. Shufwa, kwa wastani, kumi na saba. Witiri ishirini na wanane. Kwa hiyo dawa yako inafanya kitu, siyo kwamba haifanyi. Lakini siyo wawili.

Halafu niseme na hili lingine, utanisamehe. Nilipofika alinikaribisha kiti. Nikakaa, kumbe juu yake amelala paka. Tukagombana mimi na paka. Yeye alicheka sana, akajidai ilikuwa mzaha. Haukuwa mzaha. Alipotoka nje alilisalimia koti langu nililolitundika kwenye pikipiki.

Hakunituma nikuandikie. Akijua atanichapa, na mimi nina watoto wanne.

Bwana Shamba


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bwana Shamba ameniandikia. Usimgombeze, ni mimi niliyepaswa kuuliza mara ya pili.

Karatasi zako kumi ziko mezani kwangu. Nimezipanga. Kamati inakaa tarehe 8 Juni. Wakipitisha, wakulima mia nne wa bonde wataambiwa waache sumu na washike chupa zangu, kwa ushahidi wa matuta yako zaidi ya yote.

Ulihesabu, au hukuhesabu? Nijibu hilo tu.

Kichupa


29 Mei

Mwanangu,

Wiki mbili za kwanza nilihesabu. Namba zile ni za kweli na naziapia.

Wiki ya tatu niliona utitiri mmoja akawa wawili, kisha jani lote likawa ukungu mwekundu. Nilisafisha kioo. Nilisafisha miwani. Nilitoka nje juani, nikarudi kivulini, nikatoka tena. Halafu nilikaa kwenye ngazi ya mlango na jani mkononi, na saa kumi ilikuwa inakaribia.

Nilijua tuta lipi ni lako, kwa sababu nilikulazimisha uniambie. Nikaandika jinsi nilivyotaka iwe. Wiki iliyofuata ilikuwa rahisi zaidi, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilisahihisha madaftari ya watu kwa miaka thelathini na minane. Wazazi walinijia na zawadi na wakaondoka nazo. Sikumpa mtoto yeyote alama asiyostahili. Wewe nimekupa alama kumi na tano kwa kila jani, kwa wiki nane, na nikatia sahihi.

Macho yalianza mwaka juzi. Mganga wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na la kushoto limechelewa. Sikukuambia kwa kuwa hukuwa unaandika.

Utauliza kwa nini sikusema mapema, wakati unaandika. Kama ningesema, ungeniambia, kwa upole, "Basi Shangazi, pumzika," na ungetafuta mtu mwingine wa kuhesabu. Ungefanya sawa. Lakini kila Jumamosi palikuwa na mtu mahali fulani anayeisubiri barua yangu. Nilitaka ziendelee.

Barua hii nimeiandika dirishani kwa kalamu nene, na rula nimeiweka chini ya kila mstari. Imenichukua siku mbili. Iko sahihi, unaweza kuipeleka kwa kamati.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sikuwapelekea barua yako. Niliwaambia mwenyewe.

Niliwaambia kwamba namba za shamba la nne zifutwe zote, hata zile za wiki mbili za kweli, kwa sababu mimi niliyetengeneza jaribio ndiye niliyemwambia mhesabuji chupa ipi ni ipi. Mwenyekiti akauliza: "Ulimwambia kwa nini?" Nikasema: "Aliniuliza." Watu wakacheka, wakidhani natania. Mkuu wa maabara hakucheka. Tulipotoka nje alinishika mkono.

"Ungenyamaza, nisingejua," akasema.

"Angejua mkulima."

"Msimu ujao."

"Ndiyo, Mkuu. Msimu ujao, akishapoteza shamba."

Akasema kwamba ningefaa kufanya kazi ya mahakama. Sijui kama lilikuwa tusi.

Mashamba matatu hayatoshi. Kamati itakaa tena Septemba kuamua kama nipewe msimu mwingine, chupa zikiwa na namba ambazo hata mimi sizijui, au kazi ifungwe. Mpaka hapo mkataba wangu umesogezwa, bakteria wangu wamewekwa kwenye friza, mashine imezimwa, na mimi naosha chupa za wenzangu. Maabara ikiwa kimya ni kubwa sana. Sikuwa nimeligundua hilo.

Sasa la macho. Sikukuuliza, na nilikuwa nimeona mwandiko. Hilo ni langu, usilichukue.

Nimekwenda hospitali ya macho iliyo mtaa wa pili kutoka kwangu. Daktari ni mama mmoja mkali. Mtapatana au mtauana. Anasema jicho la kulia lina matumaini makubwa. La kushoto hawezi kuahidi kitu mpaka alione. Kila jicho ni kazi ya chini ya saa moja, hulazwi, lakini lazima ukae hapa karibu kwa wiki kadhaa ili akutazame, na usiiname wala kubeba kitu. Kuna nafasi tarehe 20 Julai. Ametaka jibu kabla ya tarehe 10. Nimemwambia kwamba unachukia kuharakishwa, akasema hata jicho halimsubiri mtu.

Njoo, Shangazi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Nitamwomba Bwana Shamba ayatunze matuta na paka. Na baada ya hapo, kama utapenda, usirudi. Huku kuna nafasi.

Kichupa


26 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na Bwana Shamba. Anasoma kama anayetangaza mpira, na penye "naosha chupa za wenzangu" alikohoa mara tatu. Nimemsamehe yote mawili, kusoma kwake na kukuandikia kwake. Makosa ya barua yako sikuyaona, kwa hiyo kwa mara ya kwanza hairudi.

Ulichofanya mbele ya kamati ndicho nilichokufundisha, na sikukufanyia mimi mwenyewe. Sitaongeza neno hapo.

Umenieleza habari za macho yangu kwa kirefu: daktari, tarehe, kuinama, kubeba. Habari za chumba chako umeziweka katika sentensi moja, kwamba kuna nafasi. Hiyo moja ndiyo niliyomwomba Bwana Shamba airudie. Je, unaniita kwa sababu ya macho, au kwa sababu ya Jumapili zako za maabarani? Sikuulizi kwa kukulaumu. Nataka kujua ninakuja kuwa mgonjwa wa nani, au mtu wa nani.

Nami nitasema yangu, ingawa si kawaida yangu. Ninaogopa. Kisu chenyewe sikiogopi. Naogopa kuamka nikiwa sioni kabisa, katika chumba nisichojua mlango wake uko wapi. Hapa nikifumba macho najua: hatua sita hadi mlangoni, kumi na moja hadi kwenye pipa la maji ya mvua, kisha ukuta wa kushika hadi kwenye matuta. Huko kwako nitakuwa nimekaa kitandani nakusubiri urudi kutoka kuosha chupa, na wewe utakuwa unaharakisha kurudi kwa sababu nakusubiri, na baada ya mwezi mmoja kila mtu atakuwa anamficha mwenzake uchovu wake. Sisi wawili tumeonyesha kwamba tunaweza kufichana.

Lakini jana alasiri nilikwenda kwenye matuta. Sikuchukua kioo. Niligeuza majani, nikapitisha vidole chini yake, tuta kwa tuta. Katika mengine utando ulinata vidoleni na jani lilikuwa kavu kama karatasi ya zamani. Katika mengine jani bado lilikuwa na manyoya yake na ubaridi wake. Nilifika mwisho, nikarudi, nikaanza upya kutoka upande wa pili ili nisijue niko tuta la ngapi. Nilipotea kwa makusudi kati ya mimea yangu mwenyewe, nikagusa tena, na tofauti ilikuwepo.

Sikuandikii idadi. Usilipeleke hili popote. Vidole vyangu navyo vinakupenda, na ushahidi wao haufai. Nakuambia tu kwa sababu huko maabara iko kimya, na nilitaka mtu akuambie kwamba kuna majani mazima huku.

Mwambie yule daktari kwamba atapata jibu kabla ya tarehe yake, na kwamba sijachelewesha kazi ya mtu maishani mwangu. Wewe usije kunichukua, usimtume Bwana Shamba anibembeleze, na usiniandikie kuniuliza nimefikia wapi. Nijibu swali langu la Jumapili tu, kwa ukweli, hata kama jibu ni fupi. Nitalipima pamoja na hatua zangu sita na kumi na moja. Nikishaamua, nitakuandikia.

Shangazi yako